Malaria haishiki chembe zote sawa

Kwa nini watoto wawili wa nyumba moja, wanaolala kitanda kimoja na kuumwa na mbu wale wale, hawaugui sawasawa? Mmoja hupata homa ya siku mbili akapona. Mwenzake hushikwa na malaria kali, akakimbizwa hospitali hajitambui. Wazazi wengi wanaokuja kwangu hapa Bombolulu huniuliza swali hili. Wengine huwa wameshajipa jibu: kuna wasemao ni bahati, na kuna wasemao ni husuda ya jirani.

Ndugu msomaji, sehemu ya jibu imepatikana hapa hapa Pwani, mjini Kilifi. Imepatikana kwa kuchunguza chembe za damu moja baada ya nyingine.

Mlango wa malaria

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai, au seli. Tone la damu dogo kama kichwa cha pini lina chembe nyekundu milioni 4 hadi 5. Kila moja huishi siku 120 hivi, ikisafirisha hewa ya oksijeni mwilini.

Kimelea cha malaria aina ya Plasmodium falciparum, ambacho ndicho hatari zaidi, kikitoka kwenye ini hujipenyeza ndani ya chembe nyekundu. Humo hula na kuzaana. Baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka, na vimelea vipya kati ya 16 na 32 hutoka. Kila kimoja hutafuta haraka chembe nyingine ya kuingia. Kisipoingia, hufa. Kwa hivyo ukali wa ugonjwa hutegemea sana mlango huo mdogo.

Kwa nini moja moja?

Chukua mfano wa gunia la maembe katika soko la Kongowea. Ukilipima kwa mizani utajua uzito wa gunia zima, lakini hutajua ni embe gani limeoza. Huna budi kulimwaga chini na kushika moja moja. Vipimo vingi vya damu ni kama mizani hiyo: hutoa jumla au wastani. Wastani ni kitu cha manufaa, lakini huficha tofauti za ndani.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1880, Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa nchini Algeria, aligundua kimelea cha malaria kwa kutazama damu ya mgonjwa kwa hadubini. Mwaka 1910, daktari James Herrick wa Chicago alieleza juu ya chembe zilizopinda kama mundu, ugonjwa tunaouita leo selimundu. Mwaka 1954, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi jeni moja tu ya selimundu, bila kuwa mgonjwa, huwa na kinga fulani dhidi ya malaria.

Kilichobadilika ni nguvu ya vyombo. Tangu mwaka 2009, wanasayansi wameweza kusoma ujumbe wa maelfu ya jeni ndani ya seli moja tu. Mwaka 2016, watafiti wa nchi mbalimbali walianzisha mradi wa kuchora ramani ya seli zote za binadamu. Lakini chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini wala jeni za kusomwa. Hii inabidi itazamwe ikiwa kazini.

Yaliyoonekana Kilifi

Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilianzishwa Kilifi mwaka 1989. Katika eneo hilo, takriban mtu 1 kati ya 10 ana aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo ni nadra sana sehemu nyingi za dunia. Uchunguzi wa jeni ulikuwa umeonyesha kwamba wenye Dantu hawapati malaria kali kwa urahisi. Kwa aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, kinga hiyo imekadiriwa kufikia asilimia 74. Lakini hakuna aliyejua sababu.

Mwaka 2020, Dkt Silvia Kariuki wa kituo hicho, pamoja na wenzake wa huko na wa Cambridge nchini Uingereza, walichapisha jibu katika jarida la Nature. Walichukua damu ya watoto 42 wa Kilifi wenye afya: wengine walikuwa na jeni mbili za Dantu, wengine moja, na wengine hawakuwa nayo. Kisha wakapiga filamu kwa hadubini, wakitazama vimelea vikijaribu kuingia katika chembe moja moja, na kupima utando wa chembe hizo ulivyokazika.

Waliona jambo la ajabu. Chembe za Dantu zimekazika zaidi, mithili ya ngozi ya ngoma iliyowambwa vizuri. Kimelea hugusa, husukuma, kisha hushindwa kuingia. Ukazo ukipita kiwango fulani, mlango hufungika.

Hata mtu asiye na Dantu ana baadhi ya chembe zilizokazika kupita kiwango hicho. Damu yako mwenyewe ina chembe zinazoingilika na zisizoingilika. Kipimo cha wastani kisingeonyesha hilo. Ndiyo maana watafiti wanafikiria kwamba huenda siku moja ikapatikana dawa ya kuzikaza chembe kidogo tu, bila kuzidhuru.

Na kimelea je?

Chenyewe kina jeni, na mwaka 2019 wanasayansi walitoa ramani ya seli za vimelea vya malaria, moja moja, katika hatua zote za maisha yao. Ndani ya mgonjwa mmoja vimelea havifanani. Wengi huendelea kupasua chembe. Wachache hugeuka kuwa dume na jike, ambao hawakuletei homa bali humsubiri mbu awapeleke kwa mtu mwingine. Kwa hivyo waweza kujisikia mzima na bado ukamwambukiza jirani.

Yatusaidie nini?

Dantu si kipimo cha kwenda kuomba katika zahanati, na kuwa mzaliwa wa Pwani si kinga ya kutegemea. Zingatia haya:

1. Mtoto akishikwa na homa, apimwe damu siku hiyo hiyo kabla ya kupewa dawa.

2. Dawa ya siku 3 imalizwe yote, hata homa ikishuka siku ya kwanza.

3. Mgonjwa alale ndani ya neti hata anapopata nafuu, asiwape mbu vimelea.

4. Degedege, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, kulegea, kushindwa kunyonya au viganja kuwa vyeupe: kimbilia hospitali, hata iwe usiku wa manane.

5. Ukiombwa damu ya utafiti, uliza ni ya nini, itapelekwa wapi na ni nani atakayeitumia. Ni haki yako kujibiwa, na ni haki yako kukataa. Lakini usikatae kwa uvumi tu. Wazazi wa Kilifi waliokubali wametufunza jambo ambalo huenda likawaokoa watoto wa watu wengine.