Jiko Lilale Nje

Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu huikalia Nairobi, na kuna siku jua halionekani kabisa. Hapa Kabiro, karibu na Dagoretti Corner zilipo ofisi kuu za idara ya utabiri wa hali ya hewa, tuko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai unaweza kuteremka hadi nyuzi 10. Maji hayagandi kwenye mifereji. Lakini bati halizuii baridi hata kidogo, iwe ni Kawangware au Kibera, na ndipo mtu anapolibeba jiko alilopikia mlangoni, akaliingiza ndani, akafunga mlango na kulala.

Wanaofanya hivyo si wazembe. Wamengoja moshi uishe, makaa yawe mekundu kabisa, wakaamini hatari imekwisha. Kumbe moshi ungewasaidia, kwa sababu moshi huchoma macho na kumfukuza mtu. Makaa yasiyo na moshi hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta, hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, mwili ukakosa hewa ilhali mapafu bado yanapumua. Aliyelala huenda asiamke. Makaa yaliyofunikwa na jivu bado yanaitoa. Briketi pia zinaitoa. Na dirisha lililoachwa wazi upana wa kiganja halilifanyi jiko kuwa salama la kulala nalo.

Najua makaa ni pesa, na hakuna anayetaka kuyamwaga yakiwa bado na moto. Tafuta debe la bati lenye mfuniko unaobana. Ukimaliza kupika, yatie makaa humo kwa koleo, funika, uliweke debe nje juu ya jiwe, mbali na ukuta wa mbao na mikono ya watoto. Yatazima kwa kukosa hewa, na kesho utayawasha tena. Ukihofia jiko lenyewe kuibwa, liingize likiwa tupu na baridi kabisa, au elewaneni na majirani wa ploti mtenge kona moja yenye kufuli.

Sasa joto. Joto la usiku ni lile ulilozuia lisitoroke, na njia yake kubwa ni juu. Tandaza maboksi makavu au magunia safi chini ya bati, yakishikiliwa na waya au fito, na uache nafasi kidogo kati yake na bati: hewa iliyotulia hapo ndiyo inayokinga. Vilevile utapunguza yale matone yanayodondoka kitandani alfajiri. Boksi hushika moto upesi, kwa hiyo lisiguse balbu wala nyaya za stima, na pasiwe na koroboi wala mshumaa chini yake. Nyufa za ukutani zilizo usawa wa kitanda zizibe kwa matambara au magazeti yaliyokunjwa. Mlangoni, viringisha gunia. Tundu la juu, upande usiopigwa na upepo, liache wazi, kwani watu watano katika chumba kimoja wanahitaji hewa. Sakafu ya sementi hunyonya joto la mwili, basi weka maboksi chini ya godoro kabla ya kuongeza blanketi juu.

Kitanda pia hupashwa. Mtungi wa plastiki wa lita 5 uliokuwa na mafuta ya kupikia, ukijazwa maji ya moto yaliyopoa kidogo, ukafungwa barabara na kuviringishwa kwa sweta, utakitia joto. Upindue kwanza uone kama unavuja. Kwa mtoto mchanga, pasha kitanda kisha uuondoe kabla ya kumlaza. Hita ya stima ni jambo jingine: nyaya za sambaza, yaani stima iliyounganishwa kiholela, haziwezi kuubeba mzigo wake, na zikiwaka, moto hauli chumba kimoja tu.

Watu wawili watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, wakiona kizunguzungu, kichefuchefu au miguu kulegea, na jiko lipo ndani, usiwape maji wala maziwa. Fungua mlango, watoe nje wote, hata anayesema anataka kulala tu. Aliyezirai ila anapumua mlaze ubavu. Piga 999 au 112, na gari likichelewa tafuta boda au teksi. Mjamzito apelekwe hospitali hata akijihisi nafuu, kwa kuwa gesi hii humfikia mtoto tumboni. Mkifika, daktari aambiwe mara moja kwamba jiko lilikuwa ndani, maana dalili hizi hufanana na za malaria au chakula kibovu, na matibabu ya kwanza hapa ni oksijeni.