NENO MOJA, KAZI MBILI: PREPOSISIO NA ADVERBI KATIKA KIINGEREZA



Katika interogasio iliyopita ya Kiingereza, sisi wa kalasi ya sita tulianguka wengi kwa swali moja tu. Tuliombwa kupiga mstari chini ya kila preposisio. Sentensi ya kwanza ilikuwa "Please come in", na karibu sisi wote tulipiga mstari chini ya "in". Kosa! Tukalalamika sana, sababu katika kaye zetu kuna liste tuliyokariri tangu zamani: in, on, up, down, under, behind. Na "in" ndiyo ya kwanza katika ile liste. Lakini tulipokaa na kutazama vizuri, tukaona mwalimu alikuwa na haki. Liste ndiyo ilitudanganya. Katika Kiingereza maneno mengi ya namna hii hayana kazi moja ya siku zote. Shurti kutazama sentensi, hapana kutazama neno peke yake.

Preposisio inashika jina, ao neno linalosimama pahali pa jina. Adverbi inajitosha. Ukisema "The teacher is in the office", ile "in" imeshika "the office". Ukisema "The teacher is in", haikushika kitu, basi ni adverbi.

Kwa nini jambo hili linatushinda? Tunazani Kifaransa kimetuzoeza vibaya. Kifaransa kina "dans" na "dedans", "sur" na "dessus", "sous" na "dessous": kila kazi na neno lake. Kiingereza mara nyingi hakibadilishi neno. Lakini Kiswahili chetu cha nyumbani kinatusaidia. Tunasema "ndani ya nyumba", "mbele ya kanisa", "nyuma ya mlima". Tena tunasema "ingia ndani", "endelea mbele", "baki nyuma". Tazameni ile "ya" ndogo! "He stayed behind the church": alibaki nyuma ya kanisa. Kuna "ya", kwa hiyo "behind" ni preposisio. "He stayed behind": alibaki nyuma. Hakuna "ya", ni adverbi. Wenzetu wamoja walicheka tulipoingiza Kiswahili katika somo la Kiingereza. Wacheke tu, alama tutazihesabu kisha.

Njia hii haifiki kila pahali. "Wait for me" ni "uningojee". Ile "for" hatuioni tena, imeingia ndani ya neno letu. Hapo tunarudi kwa kanuni ya kwanza: "for" imeshika "me".

Sasa mtego ulio mkubwa. "He took off his shoes", alivua viatu vyake. Jina liko kisha ya "off", na mtu atasema mara moja: preposisio! Hapana. Tuondoe "his shoes", tuweke "them". Mwingereza anasema "He took them off". Hasemi hata kidogo "He took off them". Ikiwa lile neno dogo linakimbilia nyuma ya "them", halikushika jina. Linafuata kitendo, ni adverbi. Lakini "He fell off the roof", alianguka toka juu ya nyumba, inakuwa "He fell off it". Haikuhama. Hii ni preposisio ya kweli.

Kuna na mtego wa upande mwingine. "The house we live in": "in" iko mwisho kabisa, lakini si adverbi, sababu imeshika "house" iliyotangulia mbele. Tunakaa wapi? "In the house."

Tena, tafazali, tuache kuandika "I go to home". Tunaandika "I go to school", lakini "I go home". Hapo "home" ni adverbi tayari, haiombi "to". Ni sawasawa na "Come here".

Tuseme pia ya kuwa wenye elimu hawapatani wote. Otto Jespersen, mtu wa Denmark, aliandika katika mwaka 1924 ya kuwa hakuna lazima kugawanya hivi: "in" iko sawa na kitendo "sing", mara inapata kitu cha kuimba, mara haipati, na bado ni neno lile lile. Sisi tunaona alifikiri vizuri. Lakini kwa interogasio, andikeni vile kaye inasema!

Zoezi. Semeni kila neno dogo ni nini, na kwa sababu gani:
1. The children ran down the hill.
2. Sit down!
3. She put on her hat.
4. Who are you waiting for?
5. He looked up the word.
6. He looked up the road.

Ya tano na ya sita zinafanana kama mapacha, mwangalie. Majibu tutayabandika kwa mlango wa kalasi ya sita siku ya tatu, kisha ya ibada ya asubui.