Somo: Mawazo Yanayong'ang'ania



Mama mmoja alikuja kwetu hapa Buteba, mikono imechubuka kwa sabuni. Alivuka mpaka wa Busia mwanzoni mwa 2008, wakati wa machafuko ya Kenya. Ananawa hata maji ya watoto yanaisha mtungini. Lakini kilichomtesa zaidi ni matusi juu ya Mungu yanayomjia katikati ya sala. Basi huanza upya, na tena upya, hadi usiku wa manane. Aliamini ametenda dhambi isiyosameheka.

Huo ni ugonjwa. Wazo huja bila kuitwa na kuleta hofu. Mgonjwa hunawa, huhesabu, hukagua kufuli au huungama ili atulie. Hutulia kidogo, kisha hofu hurudi. (Sisi tulionawa sana wakati wa Ebola ya 2022 tusijidhanie wagonjwa, tulinawa tukaendelea na kazi.) Wako pia wanaojing'oa nywele, na wanaolimbikiza takataka wasiweze kuzitupa. Hayo ni magonjwa ya jamii hiyo hiyo.

Si jambo geni. Ndugu zetu Waislamu humwambia anayerudia udhu mara nyingi kwamba ana wasiwasi. Naye John Bunyan, mhubiri Mwingereza aliyeandika habari za Msafiri, alisimulia mwaka 1666 jinsi wazo la kumwuza Kristo lilivyomsonga mchana na usiku. Hatuwezi kumpima mtu aliyekufa 1688, lakini wagonjwa wengi hujiona humo.

Hapa tunakiri kosa letu. Kila mama yule alipokuja, tulimhakikishia kwamba amesamehewa. Alitoka akifurahi, kesho yake akarudi. Kumbe tulikuwa tunamletea maji ya kunawa! Sasa tunaomba naye mara moja tu. Akiuliza tena, tunamjibu kwa upole kwamba swali hilo ni la ugonjwa.

Tiba ipo. Akiongozwa na mwenye ujuzi, mgonjwa hugusa kinachomtisha na kujizuia asinawe, kidogo kidogo, mpaka hofu ishuke yenyewe. Dawa kama fluoksetini husaidia, ila huchukua wiki nyingi, wala asiziache ghafla. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu. Hospitali kuu ya akili ni Butabika, Kampala. Msimfunge kamba, wala msimlazimishe kufunga chakula.

Juzi mama alisali Baba Yetu mara moja, akalala. Anasema lile tusi lilikuja, akaliacha lipite.