Anayesaini Mkataba

Chuo kikuu si wahadhiri na wanafunzi tu. Wamo makatibu muhtasi, wapishi na wafagiaji, wengi wao kwa mikataba mifupi, na anayeisaini mikataba hiyo aweza kudai ngono kwanza. Hiyo ni rushwa. Sheria ya mwaka 2007, kifungu cha 25, iliiwekea faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Katika chuo kimoja tulionyeshwa sanduku la malalamiko. Limetundikwa mlangoni pa mkuu wa idara! Nani atatumbukiza barua pale? Taarifa zipokewe na mtu asiye chini ya mtuhumiwa, na mkataba wa mlalamikaji usiguswe uchunguzi ukiendelea.

Aliyedaiwa aandike tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa, asifute ujumbe wa simu, kisha apige TAKUKURU, namba 113. Aliyebakwa awahi hospitali ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia VVU.

Binti akilileta jambo hili kwa mzee wa usharika, asiulizwe alivaa nini. Swali hilo tumelisikia katika vikao vyetu wenyewe.