Sheria Inapofika Ufuoni: Jinsi Sera za Serikali Zinavyojenga Maisha ya Jamii za Ziwa

Mashua zinaporudi Dunga asubuhi, samaki hupimwa kwenye mizani kabla ya kupita kwa wachuuzi, na kilo zake huandikwa kitabuni. Mgeni anaweza kudhani hiyo ni desturi ya ufuo tu. Lakini nyuma ya kila hatua kuna uamuzi wa serikali. Wavu una kipimo kilichowekwa na sheria. Mashua ina leseni. Hata anayeshika kitabu anatoka katika chama ambacho muundo wake umeandikwa katika kanuni.

Somo hili linatumia uvuvi wa Ziwa Victoria kueleza jambo linalomhusu kila mkazi wa Kaunti ya Kisumu, awe mvuvi au la: sera ya serikali haiamui tu kinachokatazwa na kinachoruhusiwa. Huamua pia nani anahesabiwa kuwa mwanachama, nani anapiga kura na nani anasikilizwa. Hata hivyo, mlango ambao sera imeufungua hauna faida ikiwa hakuna anayeupitia.

Kanuni zilizotoka juu

Kabla ya utawala wa kikoloni, koo zilizoishi kando ya ziwa zilikuwa na utaratibu wao kuhusu nani avue wapi na kwa mtego gani. Mapema katika karne ya 20, nyavu za kisasa za uzi wa kitani ziliingia, na baada ya miaka michache wavuvi wa Ghuba ya Winam wakaona ngege wakipungua.

Mwaka 1927 na 1928, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, Michael Graham, alichunguza samaki wa ziwa lote. Alipendekeza mambo mawili makubwa: matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5, na ziwa lisimamiwe kwa pamoja badala ya kila eneo kujiamulia. Kanuni ya inchi 5 ilifuata katika miaka ya 1930.

Shabaha ya kanuni hiyo ilikuwa njema: ngege mchanga apite, akue, azae. Lakini ilitungwa ofisini, na mvuvi alitakiwa kutii tu. Maafisa walikuwa wachache na ziwa ni kubwa. Aliyetaka kuvua kwa wavu mdogo alisubiri usiku, na jirani yake hakuwa na baraza la kumwuliza. Sheria ambayo watu wa ufuo hawakuitunga na hawana kazi katika kuisimamia hutegemea macho ya afisa peke yake.

Mbuta, viwanda na mgongo wazi

Sera nyingine ilibadilisha ziwa lenyewe. Mbuta alipandwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote, na viwanda vya kukata minofu kwa ajili ya kuuza nje vikafunguliwa Kisumu na miji mingine ya ziwa. Fedha za kigeni ziliingia, mabaharia wakaongezeka, na malori yenye barafu yakaanza kusubiri ufuoni.

Athari zake zilifika hadi mitaani. Samaki mzima ambaye zamani mwanamke alimnunua ufuoni, akamkausha au kumkaanga na kumuuza, sasa alikwenda kiwandani. Kilichorudi mjini ni mifupa na kichwa baada ya minofu kuondolewa. Huko Obunga, wanawake walijenga biashara nzima ya kukaanga mabaki hayo, na wakazi wakayapa jina la mgongo wazi. Hakuna kikao cha serikali kilichoamua kwamba mama wa Obunga auze mgongo wazi. Lakini ni matokeo ya maamuzi kuhusu samaki gani apandwe na auzwe wapi.

Kati ya mwaka 1997 na 2000, Umoja wa Ulaya ulizuia mara kadhaa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu za usalama wa chakula. Soko likiwa mbali namna hiyo, uchafu wa ufuo mmoja ungeweza kumwathiri mvuvi wa ufuo mwingine. Ilibidi pawe na mtu wa kusimamia usafi wa banda, mizani na kumbukumbu mahali samaki anapotua. Afisa mmoja wa uvuvi hakuweza kuwa katika kila ufuo.

Ufuo wapata baraza lake

Haja hiyo, pamoja na kupungua kwa samaki, ilizaa mpango mpya: vitengo vya usimamizi wa fuo, maarufu kama BMU. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kisumu mwaka 1994 kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, lilisaidia nchi hizo tatu kulinganisha taratibu zao. Nchini Kenya, kanuni za BMU zilitolewa mwaka 2007, na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 ikaendelea kuvitambua vitengo hivyo.

BMU ina sehemu mbili kuu. Ya kwanza ni mkutano mkuu wa wanachama wote waliosajiliwa. Ya pili ni kamati tendaji inayochaguliwa na mkutano huo. Mwongozo wa nchi za ziwa unaeleza kamati ya watu 9 hadi 15, na nafasi zinagawanywa hivi:

- Asilimia 30 wenye mashua.
- Asilimia 30 mabaharia wanaovua.
- Asilimia 30 watu wa kazi nyingine za uvuvi, kama vile wachakataji, mafundi wa mashua na watengenezaji wa nyavu.
- Asilimia 10 wachuuzi wa samaki.

Mwongozo unataka pia wanawake wasiopungua 3 wawemo katika kamati.

Mgawanyo huu una maana kubwa. Zamani, mwenye mashua tano alikuwa na sauti kuliko baharia anayelala majini usiku kucha. Katika mkutano mkuu, wote wawili wana kura moja moja. Baharia ambaye hakuwahi kuulizwa chochote sasa anaweza kudai kuona hesabu za ada zinazotozwa ufuoni. Kwa vijana wengi wa ziwa, uchaguzi wa kwanza kugombea si wa mwakilishi wa wadi bali wa kamati ya BMU.

Kamati ina wajibu pia. Huweka kumbukumbu za samaki, husimamia usafi, husaidia maafisa kuzuia nyavu zilizopigwa marufuku, na huwakumbusha wanachama kuhusu msimu wa kufunga uvuvi wa omena, ambao kwa kawaida huwa kati ya Aprili na Julai. Msimu huo ni mgumu nyumbani, karo na chakula vikisubiri. Ndiyo maana ni muhimu kanuni ijadiliwe na wanaoumizwa nayo, na si kutangazwa tu.

Kiti cha kamati na umiliki wa mashua

Kiti peke yake hakitoshi. Mwanamke anaweza kuwa mjumbe wa kamati na bado akashindwa kupata samaki wa kuuza, kwa sababu mashua ni za wanaume na samaki ni wachache kuliko wanunuzi. Hali hiyo ndiyo iliyochochea jaboya, ambapo mchuuzi wa kike hulazimika kuingia katika uhusiano wa kimapenzi na mvuvi ili auziwe samaki. Jamii za ziwa zimelipa gharama kubwa kwa jambo hili, hasa katika maambukizi ya virusi vya UKIMWI.

Katika ufuo wa Nduru, Nyakach, kundi la wanawake lilijaribu njia nyingine mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kwa msaada wa wafadhili walipata mashua zao wenyewe, wakaajiri wanaume kuvua, na samaki wakawa wao. Mpango huo ulionyesha kwamba mwanamke akimiliki mashua, masharti ya biashara hubadilika. Lakini maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020, mafuriko yaliingia Nduru na kuwahamisha watu. Mafanikio yanayotegemea ufadhili peke yake hupotea upesi. Yanahitaji kuingizwa katika mipango na bajeti ya umma, kuanzia mikopo ya mashua hadi ulinzi dhidi ya mafuriko.

Ngazi mbili za serikali

Wakazi wengi hupeleka malalamiko kwa ofisi isiyohusika. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linagawa kazi. Ulinzi wa mazingira na maliasili, ukiwemo uvuvi, uko kwa Serikali ya Kitaifa. Ndiyo maana kanuni za nyavu na misimu huwekwa kwa ngazi hiyo. Uvuvi kama sehemu ya kilimo umo katika orodha ya kazi za kaunti, pamoja na masoko. Hivyo, ombi kuhusu banda la samaki, barafu au soko huanzia kaunti. Ombi la kubadilisha msimu wa omena huelekezwa kwa taasisi za kitaifa za uvuvi, ingawa kaunti inaweza kulibeba.

Kalenda ambayo kila mkazi anafaa kuijua

Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka Bunge la Kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaweka tarehe:

- Kufikia Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti.
- Kufikia Februari 28: taarifa ya mkakati wa fedha huwasilishwa, ikionyesha kila idara itapata kiasi gani.
- Kufikia Aprili 30: makadirio ya bajeti huwasilishwa.
- Juni 30: mwaka wa fedha unaisha, na bajeti mpya huanza Julai 1.

Chukua mfano wa ufuo usio na choo. Wanachama wakilalamika mwezi Juni, wamechelewa, kwani fedha zimekwisha kugawanywa. Utaratibu unaofaa ni huu. Kwanza, mkutano mkuu wa BMU hujadili na kuandika azimio katika kumbukumbu zake, pamoja na idadi ya watu wanaotumia ufuo. Pili, azimio hupelekwa kwa msimamizi wa wadi na mwakilishi wa wadi kabla mpango wa mwaka haujakamilika. Tatu, wanachama huhudhuria vikao vya umma vya bajeti wakiwa na nakala mkononi. Nne, bajeti ikichapishwa, husoma kama choo chao kimo, kwa jina la ufuo na kiasi cha fedha. Kisipokuwemo, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi rasmi, na inazitaka mamlaka za kaunti kulijibu bila kuchelewa.

Utaratibu huu hauahidi kwamba kila ombi litakubaliwa. Fedha hazitoshi, na fuo ni nyingi. Lakini ombi lililoandikwa na kupitishwa na mkutano haliwezi kusemwa kwamba halikuwahi kuletwa. Vilevile humlinda kiongozi mwaminifu, kwa kuwa anaweza kuonyesha wananchi walitaka nini na kwa nini kitu kingine kilitangulia.

Karibu karne moja imepita tangu kanuni ya inchi 5. Tofauti kubwa kati ya wakati ule na sasa si ukali wa sheria. Ni kwamba leo baharia, mchuuzi na mkaangaji wana kikao kinachotambuliwa na sheria. Mkutano usipohudhuriwa, wachache wataamua kwa niaba ya wengi, na ufuo utarudi kuwa wa mwenye mashua nyingi.

Maswali ya kujadiliana katika baraza, chama au darasa

1. Taja kanuni moja ya serikali inayoathiri kazi yako ya kila siku. Ni ngazi gani ya serikali iliyoiweka?
2. Katika chama au ufuo wenu, ni nani ambaye hufanya kazi lakini hana sauti? Kanuni zinasemaje kuhusu nafasi yake?
3. Msimu wa kufunga uvuvi unapowadia, familia zenu huishi vipi? Ni pendekezo gani mngeliandika ili mzigo huo upungue bila kuwadhuru samaki wachanga?
4. Chagueni hitaji moja la mtaa wenu. Kwa kufuata kalenda iliyo hapo juu, barua ya kwanza inafaa kuandikwa mwezi gani, na iende kwa nani?