Somo la 9: Mzigo Umetuliwa, Huduma Yaendelea

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Hesabu 8:23–26, 2 Samweli 19:31–39, Mwanzo 2:15, Zaburi 92:12–15, Luka 14:28–30, 1 Timotheo 5:4, 8, 2 Timotheo 1:5, Marko 6:31, 2 Yohana 12.

Fungu la kukariri: Zaburi 92:14. Lisome katika Biblia yako na ulikariri pamoja na watu wa nyumbani.

Reli ya Kati huanzia Dar es Salaam na kuishia Kigoma, karibu kabisa na maji ya Ziwa Tanganyika. Tangu mwaka 1914 treni imekuwa ikifika hapo na kusimama, kwa kuwa mbele hakuna reli tena. Lakini abiria wengi wanaposhuka, safari yao haijaisha. Wapo wanaoelekea Mwanga na Ujiji, wapo wa Kasulu, na wapo wanaotafuta boti ya kuwapeleka katika vijiji vya kandokando ya ziwa.

Kwa kawaida mtumishi wa umma nchini Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Mwalimu, mfanyakazi wa reli au muuguzi hupewa barua, huagwa kwa hotuba na zawadi, kisha Jumatatu inafika. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kama alivyozoea, na hana pa kwenda. Mvuvi wa Katonga na mama anayeanika dagaa Kibirizi hawapewi barua yoyote. Magoti na mgongo ndivyo huwaambia kwamba wakati umefika.

Je, Mungu ana neno gani kwa mtu huyo siku ya Jumatatu? Juma hili tutaona kwamba Bwana humtua mtumishi wake mzigo, lakini hamfukuzi nyumbani mwake.

JUMAPILI: Sheria ya Walawi

Soma Hesabu 8:23–26. Mlawi alianza kazi akiwa na umri gani? Aliachishwa akiwa na umri gani? Baada ya hapo alibaki na wajibu gani?

Hapa ni mojawapo ya mahali pachache sana ambapo Biblia inataja kustaafu waziwazi. Kazi ya Walawi haikuwa nyepesi. Jangwani walibeba hema na vyombo vyake, na wana wa Kohathi walibeba vitu vitakatifu mabegani (Hesabu 7:9). Mungu aliyeagiza kazi hiyo aliujua pia mwili wa mwanadamu. Mlawi alipofikisha miaka 50, mzigo uliondolewa begani mwake.

Lakini fungu la 26 linaongeza jambo ambalo wengi hulipita haraka. Mlawi huyo hakuambiwa arudi hemani kwake akae hadi afe. Aliendelea kuwasaidia ndugu zake katika hema ya kukutania, akilinda yaliyohitaji kulindwa, ila utumishi ule mzito hakuufanya tena. Kwa hiyo sheria ilimzuia asiendelee kubeba alichopaswa kuwaachia wengine, na papo hapo ikamhifadhia nafasi kati ya ndugu zake.

Makanisa yetu huangukia makosa mawili. Kuna mstaafu anayeng'ang'ania mzigo, na kuna mstaafu anayeachwa nje ya hema. Je, ni kosa lipi linaonekana zaidi katika kanisa lako?

JUMATATU: Barzilai Asema Hapana

Soma 2 Samweli 19:31–39. Barzilai alikataa nini, na alikubali nini?

Barzilai alikuwa na miaka 80. Daudi alipomkimbia Absalomu, mzee huyu alikuwa miongoni mwa waliomletea chakula na vitanda (2 Samweli 17:27–29). Sasa mfalme anamwalika aende Yerusalemu akatunzwe. Ni heshima kubwa, lakini Barzilai anajijua. Anasema wazi kwamba ulimi hautambui tena ladha ya chakula na masikio hayazisikii vizuri sauti za waimbaji. Haoni aibu kuutaja uzee wake.

Hata hivyo hakatai kila kitu. Anamsindikiza mfalme kuvuka Yordani, kisha anarudi mjini kwake. Nafasi aliyopewa anamkabidhi Kimhamu. Miaka baadaye Daudi alikuwa bado anawakumbuka wana wa Barzilai (1 Wafalme 2:7).

Lipo jambo gumu hapa kwa wale walioongoza kwa muda mrefu. Mzee wa kanisa ambaye hajamfundisha kijana kuongoza baraza, au mhazini ambaye vitabu anavielewa peke yake, hajalisaidia kanisa kwa kukaa miaka mingi. Kumwachia mtu mwingine kazi kunahitaji pia kumsindikiza: kuketi naye, kumwonyesha, kumwombea, na kunyamaza anapofanya kwa namna nyingine.

Ni nani Kimhamu wako? Je, umeshamtaja mbele ya wengine kama Barzilai alivyofanya?

JUMANNE: Kazi Isiyo na Mshahara

Soma Mwanzo 2:15 na Zaburi 92:12–15. Adamu alipewa kazi gani kabla dhambi haijaingia? Mtunga zaburi anawafananisha wenye haki na nini?

Adamu alitunza bustani bila cheo wala mshahara, na kazi hiyo ilikuwa sehemu ya furaha ya Edeni. Ndiyo sababu mstaafu asione haya kuwa na shughuli anayoipenda, hata kama haimletei fedha nyingi: kusuka mikeka, kufuga kuku, kushona, kuwafundisha watoto kuimba, au kuandika kumbukumbu za kanisa lake kabla waliolianzisha hawajaondoka wote.

Mtende unaotajwa katika Zaburi 92 ni wa jamii moja na mchikichi, mti unaofahamika sana Kigoma na Ujiji. Mche bora wa mchikichi huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, kisha huendelea kuzaa kwa zaidi ya miaka 20. Anayeupanda akiwa na miaka 60 anajua kwamba mawese mengi ya mti huo yatakamuliwa na wajukuu. Bado anachimba shimo, anapanda na kumwagilia.

Kichwa cha zaburi hii kinasema kwamba ni wimbo wa siku ya Sabato. Kwa hiyo wimbo wa siku ya pumziko ndio unaozungumzia wazee wanaozaa matunda. Lakini kustaafu si Sabato ya siku saba kwa juma. Sabato ina utamu wake kwa sababu siku sita zina kazi. Mtu ambaye siku zake zote ni tupu huweza hata kupoteza hamu ya siku ya saba.

JUMATANO: Nyumbani Pamoja na Jamaa

Soma Luka 14:28–30. 1 Timotheo 5:4, 8. 2 Timotheo 1:5. Mafungu haya yanatuonyesha wajibu gani kati ya vizazi?

Malipo ya mkupuo yanapoingia, habari huenea haraka. Mmoja anaomba fedha za injini ya mtumbwi, mwingine mtaji wa dagaa, mwingine ada ya chuo. Wote ni jamaa, na mahitaji yao ni ya kweli. Lakini Yesu alisema habari za mtu anayeketi kwanza na kuhesabu gharama. Ni vema mume na mke wakae pamoja mapema, kabla fedha hazijafika: zaka na sadaka, paa la nyumba, matibabu, chakula cha miaka ijayo, kisha msaada kwa jamaa kwa kiasi walichokubaliana. Aliyetoa vyote mwaka wa kwanza huenda akawa mzigo kwa wale wale aliowasaidia.

Watoto nao wana wajibu. Paulo anasema kuwatunza wazazi kunampendeza Mungu. Mzazi asiye na pensheni, aliyelima na kuvua samaki akawasomesha, aliwekeza akiba yake kwa watoto.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Mume aliyekuwa kazini miaka 35 sasa anashinda nyumbani. Anaanza kukagua jiko, kuhesabu mkaa na kuuliza mkewe anakwenda wapi. Nyumba ilikuwa na utaratibu wake kabla hajastaafu. Aingie kama msaidizi, ajifunze.

Na Loisi, bibi yake Timotheo, alimwachia mjukuu urithi gani? Je, wajukuu wako wanapata nafasi ya kukusikia ukiomba?

ALHAMISI: Safari Fupi

Soma Marko 6:31 na 2 Yohana 12. Kwa nini Yesu aliwaita wanafunzi kando? Kwa nini Yohana hakutaka kuandika yote kwa karatasi na wino?

Yesu aliwapeleka wanafunzi waliochoka mahali pa faragha kwa chombo cha majini. Hakuona kwamba safari ya kupumzika ni muda uliopotea. Yohana naye, aliyejiita mzee, alitamani kufika na kusema na waumini uso kwa uso.

Mstaafu wa Kigoma hahitaji fedha nyingi ili asafiri. Kwa daladala atafika Ujiji, aketi chini ya miembe na kuwasimulia wajukuu jinsi Stanley alivyomkuta Livingstone pale mwaka 1871. Kwa boti kutoka Kibirizi ataona milima ya Gombe, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, na kumsifu Muumba wa ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400.

Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Ilikuwa miezi migumu kwa nyumba nyingi. Lakini jambo hilo lilikumbusha kwamba hata maji yanahitaji kupumzishwa ili yaendelee kulisha watu.

Safari ya mstaafu yaweza kuwa pumziko na huduma kwa pamoja. Katika kijiji cha kando ya ziwa huenda yupo mshiriki asiyeweza tena kutembea hadi kanisani. Vijana wako kazini na shuleni. Mwenye muda wa kuketi naye saa mbili ni mstaafu mwenzake.

IJUMAA

Jifunze zaidi: Soma Yoshua 14:10–12, Zaburi 71:17–18, Isaya 46:3–4, Luka 2:36–38. Linganisha Kalebu na Ana. Mmoja aliomba mlima, mwingine aliomba hekaluni usiku na mchana. Nguvu zao zilitofautiana, lakini wote wawili waliendelea kuwa mikononi mwa Mungu yule yule aliyeahidi kuwachukua watu wake hata wakati wa mvi.

Maswali ya kujadili:

1. Kundi lenu litaje, bila kuwaaibisha, wastaafu ambao hawajaonekana kwa mwezi mmoja. Nani atawatembelea, na lini?

2. Ni kazi gani nzito kanisani ambayo wazee wanapaswa kutuliwa? Ni kazi gani ya kulinda na kushauri wanayopaswa kupewa rasmi?

3. Kanisa liwasaidieje wakulima, wavuvi na wajane ambao hawatapata pensheni kamwe?

4. Walio na miaka 45 au 50 wafanye nini sasa, ili Jumatatu ile itakapofika isiwakute hawana kusudi?

5. Barzilai aliweza kusema hapana kwa mfalme. Kwa nini ni vigumu kwetu kusema hapana kwa cheo, na hata kwa jamaa? Ombeni pamoja kwa ajili ya hekima hiyo.