Kompyuta Ikiwa Nzito, Tusikimbilie Kununua Mpya



Kompyuta ya ofisi hapa Liparamba ikichelewa kufungua hesabu za parokia, tufuate hatua hizi:

1. Tunakili kwanza hesabu na majina ya waumini kwenye flashi mbili. Diski inayokaribia kufa mara nyingi huanza kwa kuwa nzito.
2. Tuzime programu zinazojiwasha zenyewe. Hula kumbukumbu ya kompyuta.
3. Tufute mafaili yasiyotakiwa, tusake virusi vinavyoletwa na flashi.
4. Bado nzito? Fundi aongeze kumbukumbu, au abadilishe diski ya zamani inayozunguka kwa SSD, isiyozunguka. Kwa kawaida gharama ni ndogo kuliko kompyuta mpya.

Sadaka itakayobaki ina kazi nyingine.

Swali kwa kamati: nakala zenu ziko wapi leo?